Goma: Makala, ndimu na bikarbonati, dawa rahisi ya kufukuza harufu mbaya nyumbani

Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo mjini Goma, maisha yote huingia ndani. Madirisha hufungwa, nguo zilizofuliwa hutundikwa katika chumba cha wageni, na mbabula iliyokuwa nje husogezwa karibu na mlango. Ikifika jioni, nyumba imekusanya harufu za kila namna: sambaza zilizokaangwa mchana, viatu vilivyolowa matope, godoro la mtoto anayekojoa usiku, na ule upepo mzito unaotoka kwenye choo nyuma ya parsele. Hapo ndipo mgeni anapiga hodi.

Wengi hukimbilia dukani. Katika maduka ya Birere na kandokando ya soko la Virunga, makopo ya kupuliza yenye picha za maua hupatikana. Lakini kwa familia inayohesabu franka za maji, za makala na za masomo ya watoto, kopo kama hilo ni anasa. Tena kazi yake ni ya muda mfupi. Nyumba hunukia maua kwa dakika chache, kisha harufu ya zamani hurudi, safari hii ikiwa imechanganyika na ile ya kopo.

Hata hivyo, dawa iko karibu kuliko duka. Vipande vya makala vinavyobaki chini ya gunia, maganda ya ndimu yanayotupwa, bikarbonati iliyosalia baada ya kupika sombe, na majivu ya asubuhi: vitu hivi vikitumiwa vizuri hufanya kazi ambayo kopo la dukani haliwezi. Vikitumiwa vibaya, hasa vingine vikikutana na maji ya javeli, vinaweza kumfikisha mtu hospitalini. Ndiyo maana ni vema kujua kwanza namna kila kimoja kinavyofanya kazi.

Kufunika harufu si kuiondoa

Harufu ni chembe ndogo sana zinazotoka kwenye kitu, zinaruka hewani na kuingia puani. Samaki anaponuka, chembe za samaki huyo ziko ndani ya pua ya anayemnusa. Kwa hiyo zipo njia tatu tu za kupambana nazo: kuondoa kitu kinachozitoa, kuzikamata zikiwa hewani, au kuzifunika kwa harufu nyingine yenye nguvu zaidi.

Makopo mengi ya dukani hufanya kazi ya tatu. Uchafu unabaki mahali pake, ila pua inapewa kitu kingine cha kunusa. Dawa nzuri ya nyumbani huanza na kazi ya kwanza, hufuata ya pili, na manukato huja mwisho kabisa.

Kuna jambo lingine ambalo akina mama wengi wanalijua bila kufundishwa. Pua ya mwenye nyumba hudanganya. Mtu akikaa ndani ya harufu moja kwa dakika kadhaa, ubongo wake huacha kuisikia. Mgeni anayetoka nje huisikia mara moja mlangoni. Anayetaka kujua kweli nyumba yake inanuka vipi, atoke kwanza, atembee hadi barabarani, kisha arudi akivuta pumzi kwa pua. Njia nyingine ni kumwomba jirani anayeaminika aseme ukweli.

Baada ya hapo, kazi huanza na vitu vya kawaida. Pipa la takataka humwagwa kila siku wala halingoji lijae. Tambara la kupigia deki hufuliwa na kuanikwa juani, kwa sababu tambara lenye maji hueneza uvundo kwenye sakafu yote. Viatu vya wanafunzi huachwa nje ya mlango. Madirisha mawili yanayotazamana hufunguliwa walau robo saa asubuhi, hata siku ya baridi, ili upepo upite. Hakuna dawa inayoshinda upepo huo, na haulipiwi.

Makala: mkamataji wa harufu

Makala yanajulikana kwa moto, lakini yana kazi nyingine. Mti ukichomwa bila hewa ya kutosha hubaki kitu chepesi chenye matundu madogo yasiyohesabika ndani yake. Chembe za harufu zikipita huingia katika matundu hayo na kunata humo. Makala ya kiwandani, yanayotumiwa hata kwa kuchuja maji, hutengenezwa ili matundu yawe mengi zaidi. Yale ya mbabula hayana nguvu hiyo yote, lakini katika mahali padogo na pa kufungwa, kama kabati, sanduku la nguo, chini ya kitanda au ndani ya viatu, hufanya kazi inayoonekana.

Tena hayahitaji kununuliwa. Kila gunia huacha chini vipande vidogo ambavyo haviwaki vizuri, na vipande hivyo ndivyo vinavyofaa. Hupondwa hadi kufikia ukubwa wa punje ya karanga, maana kipande kikivunjwa kinafungua sehemu nyingi zaidi za kukamata harufu. Vumbi jembamba hupepetwa na kuachwa, ili lisichafue nguo. Kisha makala huanikwa juani nusu siku, yakauke kabisa, kwa sababu yaliyoshika unyevu hayana nafasi ya kushika kitu kingine.

Yakisha kukauka, makala hutiwa ndani ya soksi safi ya zamani au kipande cha kitambaa chepesi, kiasi cha ngumi mbili, na kufungwa kwa uzi. Mfuko mmoja hutosha kabati moja. Chumba kizima kinahitaji mifuko minne au mitano, mmoja katika kila kona. Baada ya wiki mbili au tatu, mifuko hutolewa tena juani siku moja ili makala yaachilie sehemu ya yale yaliyoyashika. Baada ya miezi michache hubadilishwa. Yale ya zamani hayatupwi: hurudi kwenye mbabula na kupika chai.

Sharti ni moja: makala hayo yasiwe yamemwagiwa petroli ya kuwashia, maana petroli nayo hunuka na mvuke wake si mzuri kwa mapafu.

Bikarbonati, kutoka sufuria ya sombe hadi kwenye godoro

Katika masoko ya Kivu, bikarbonati huuzwa katika mifuko midogo, na wapishi wengi huitumia ili maharagi na sombe vilainike haraka. Unga huo mweupe una tabia inayofaa pia kwa harufu. Harufu nyingi za nyumbani, kama ya maziwa yaliyoharibika, ya jasho au ya mafuta yaliyokaa, zina asidi ndani yake. Bikarbonati hukutana na asidi hiyo na kuigeuza kuwa chumvi isiyoruka hewani. Harufu inakwisha kwa sababu chembe zenyewe zimebadilika.

Dawa rahisi kuliko zote hutengenezwa kwa kopo tupu la tomati. Kopo huoshwa na kukaushwa vizuri, hutiwa vijiko vinne au vitano vikubwa vya bikarbonati, na kufunikwa kwa kitambaa chepesi kilichofungwa kwa mpira. Anayetaka manukato huongeza karafuu chache au maganda makavu ya ndimu yaliyosagwa. Kopo huwekwa mahali ambapo watoto hawafiki, karibu na pipa la takataka au ndani ya kabati la vyakula. Kila baada ya siku chache hutikiswa ili unga wa chini upande juu. Baada ya mwezi mmoja bikarbonati hiyo haipikiwi tena. Inabaki nzuri kwa kusugulia sufuria zilizoungua.

Kwa godoro la mtoto anayekojoa usiku, kazi ina hatua tatu. Kwanza mkojo hukamuliwa kwa tambara kavu, bila kusugua, maana kusugua huusukuma ndani zaidi ya sponji. Pili, siki, ile ambayo wengi huiita vinegre, huchanganywa na maji, nusu kwa nusu, na kupakwa mahali palipolowa. Harufu kali ya mkojo uliokaa hutokana na amonia, na siki, ambayo ni asidi, huivunja nguvu. Tatu, sehemu hiyo ikianza kukauka, hunyunyiziwa bikarbonati na kuachwa saa kadhaa, kisha unga hupanguswa na godoro kupelekwa juani. Maji ya javeli hayatumiwi hata kidogo kwenye kazi hii, na sababu yake inaelezwa mbele.

Ndimu baada ya sambaza

Sambaza hawakuwa wa ziwa Kivu tangu mwanzo. Waliletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na leo ni vigumu kufikiria meza ya Goma au ya Bukavu bila wao. Lakini anayekaanga sambaza, au anayelowesha makayabo, anajua kwamba harufu hulala katika nyumba hadi kesho yake, hushika mapazia na hufuata watoto shuleni.

Harufu ya samaki ni kinyume cha ile ya maziwa yaliyoharibika. Haina asidi, ndiyo maana bikarbonati haiiwezi vizuri. Inayoiweza ni ndimu au siki. Mikono, kisu na ubao wa kukatia husuguliwa kwa nusu ndimu kabla ya kuoshwa kwa sabuni. Sufuria huachwa na maji yenye vijiko viwili vya siki kwa robo saa.

Kwa hewa ya nyumba, makala yaliyobaki kwenye mbabula baada ya kupika hutosha. Mbabula ikiwa nje au chini ya dirisha lililo wazi, sufuria ndogo ya maji huwekwa juu yake pamoja na maganda ya ndimu mbili au chungwa moja, karafuu tano na kipande cha tangawizi. Maji hayatakiwi kuchemka kwa nguvu. Yakitoa mvuke polepole kwa dakika 20, hubebwa ndani na kuwekwa mezani, mbali na watoto. Mvuke huo husambaza mafuta yaliyo katika ganda la ndimu, na nyumba hunukia bila kununua kitu hata kimoja.

Maganda yanayobaki hayana haja ya kutupwa. Hupangwa ndani ya chupa yenye mdomo mpana, tabaka la maganda na tabaka la chumvi, hadi chupa ijae. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye maganda na kuyachelewesha kuoza. Chupa hubaki wazi katika choo cha ndani au bafuni, na ikianza kupoteza harufu hutikiswa. Ukungu wa kijani ukionekana, yote hutupwa bila kusita.

Maji ya kupuliza ya mchaichai na mikaratusi

Kwa wale wanaopenda kopo la kupuliza kwa sababu ya urahisi wake, yapo maji yanayoweza kutengenezwa nyumbani. Milima ya Kivu imejaa mikaratusi, na katika parsele nyingi kuna kichaka cha mchaichai, ile sitroneli inayotiwa katika chai. Mimea yote miwili ina mafuta yenye harufu kali ndani ya majani yake.

Mkono mmoja wa majani yaliyokatwakatwa hutiwa katika lita moja ya maji, sufuria ikafunikwa, na kuchemshwa dakika kumi. Mfuniko ni wa lazima: mafuta yenye harufu huruka na mvuke, na sufuria ikiwa wazi, jikoni ndiko kutakakonukia badala ya chumba. Maji yakipoa huchujwa kwa kitambaa na kutiwa katika chupa. Asiye na chupa ya kupulizia hutoboa matundu madogo kwenye kifuniko cha chupa ya plastiki kwa msumari uliotiwa moto, kisha huikamua.

Maji haya yana mipaka. Ni chai tu ya majani, kwa hiyo huharibika baada ya siku tatu au nne. Anayetaka yadumu huongeza sehemu moja ya alkoli ya farmasi kwa sehemu tatu za maji, ila sharti akumbuke kwamba alkoli huwaka: haipulizwi kamwe karibu na mbabula, mshumaa au taa ya mafuta. Kanyanga na lotoko havifai kuchukua nafasi yake, maana hakuna anayejua kilichomo. Rangi ya majani nayo inaweza kuacha alama kwenye mapazia meupe. Maji hupulizwa juu, katikati ya chumba, na siyo juu ya kitanda cha mtoto mchanga wala karibu na mtu mwenye pumu.

Chupa yenyewe ni lazima iandikwe. Katika nyumba ambamo maji ya kunywa, mafuta ya taa, javeli na dawa ya harufu vyote hukaa katika chupa za soda, mtoto mwenye kiu hawezi kutofautisha. Kipande cha karatasi na kalamu, na mahali pa juu pa kuweka chupa, ni kinga rahisi.

Choo juu ya mawe ya volkano

Mjini Goma, chanzo kikubwa cha harufu mara nyingi hakiko ndani ya nyumba. Sehemu kubwa ya mji imejengwa juu ya mawe ya Nyiragongo. Lava ya tarehe 17 Januari 2002 ilipita katikati ya mji na kufika ziwani, na chini ya mitaa mingi kuna lava za zamani zaidi. Kuchimba shimo refu katika jiwe hilo ni kazi ya nyundo na siku nyingi, na matokeo yake ni vyoo vifupi, vinavyojaa haraka, na vinavyotumiwa na familia kadhaa katika parsele moja.

Hapa manukato hayana maana yoyote. Kinachosaidia kwanza ni majivu. Baada ya kila haja kubwa, kikombe kimoja cha majivu yaliyopoa kabisa humwagwa ndani ya shimo. Majivu hukausha uchafu, hufunika juu yake na kupunguza nzi. Kopo la majivu lenye kikombe chake likiwekwa kwenye kona ya choo, hata mtoto hujifunza. Majivu yenye makaa hayatakiwi, kwa sababu ya hatari ya moto.

Pili, shimo la kawaida hufunikwa kwa mfuniko wa ubao wenye mkono mrefu. Tatu, kwa wenye uwezo wa kujenga au kutengeneza upya, liko bomba la hewa. Choo cha namna hiyo kilibuniwa Zimbabwe katika miaka ya 1970 na kimeenea sehemu nyingi za Afrika. Bomba lenye upana wa sentimita 15 hutoka shimoni na kupita juu ya paa kwa walau nusu mita. Upepo unaopita juu ya bomba huvuta hewa chafu kutoka chini, na bomba likipakwa rangi nyeusi, jua hulipasha moto na kuongeza nguvu hiyo. Juu ya bomba hufungwa wavu. Nzi walio shimoni hufuata mwanga wa bomba, hukuta wavu na kufia hapo, mradi chumba cha choo kiwe na giza kidogo. Kwa choo cha aina hii tundu halifunikwi, ili hewa ipite.

Faida yake inazidi pua. Goma na maeneo ya pembeni ya ziwa hupatwa na kipindupindu mara kwa mara, na nzi wanaotoka chooni kwenda kwenye sahani ni moja kati ya njia za kueneza magonjwa ya tumbo. Harufu kali ya choo ni ishara kwamba kuna kazi inayongoja, na mtu akiifunika kwa manukato, nzi hawatajali.

Mchanganyiko usiotakiwa kamwe

Maji ya javeli yako karibu kila nyumba, na ni dawa nzuri dhidi ya vijidudu. Tatizo huanza pale mtu anapofikiri kwamba vitu viwili vizuri vikichanganywa vitakuwa vizuri zaidi. Hapo ndipo watu huchukua javeli, wakaongeza siki au ndimu ili choo kinukie.

Javeli ikikutana na asidi, iwe ya siki, ya ndimu au ya dawa kali za kuondolea madoa ya choo, hutoa gesi ya klorini. Hiyo ndiyo gesi ambayo jeshi la Ujerumani liliifungulia tarehe 22 Aprili 1915 karibu na mji wa Ypres, nchini Ubelgiji, wakati wa vita kuu vya kwanza, na kuua askari wengi. Katika bafu dogo lisilo na dirisha, kiasi kidogo tu hutosha kuchoma macho, koo na mapafu.

Javeli ikikutana na amonia, hutoa gesi nyingine mbaya inayoitwa kloramini. Na amonia haiko mbali: iko ndani ya mkojo uliokaa. Ndiyo sababu godoro la mtoto halimwagiwi javeli, na ndiyo sababu anayesafisha sehemu yenye mkojo mwingi huanza kwa maji mengi na sabuni, akasuuza, kisha ndipo akatumia javeli iliyotiwa katika maji baridi, mlango ukiwa wazi. Kumwaga javeli ndani ya shimo la choo ili kuondoa harufu hakusaidii pia. Huamsha gesi hiyo hiyo, na huua vijidudu vinavyosaidia uchafu kuoza na kupungua. Wakati wa kipindupindu, wahudumu wa afya ndio wanaoelekeza namna ya kutumia klorini.

Dalili ni macho kuwasha na kutoa machozi, kikohozi cha ghafla, kifua kubana. Anayezisikia atoke mara moja, aache mlango wazi nyuma yake, asirudi kuchukua ndoo. Macho huoshwa kwa maji safi mengi. Kikohozi kisipopoa, au pumzi ikiwa ngumu, safari ni moja: kituo cha afya.

Hewa inayoua bila kunuka

Baadhi ya familia hupenda kutupa majani ya mikaratusi au ubani juu ya makaa ili nyumba inukie. Desturi ya ubani ni ya zamani kwa Waswahili wa pwani, na si ngeni kwa Waislamu wa Kasongo na Kindu. Si mbaya, ikifanywa kwa muda mfupi na milango ikiwa wazi. Lakini makaa yenyewe hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu. Chumba kinaweza kunukia ubani vizuri sana huku walio ndani wakianza kuumwa kichwa, kusikia kizunguzungu na kutaka kutapika. Mbabula yenye moto, hata iwe na majani mazuri juu yake, hailali ndani na watu. Usiku wa mvua, ile iliyosogezwa karibu na mlango irudishwe nje kabla ya mlango kufungwa.

Wakaaji wa Goma na Sake wanalifahamu somo hili kwa njia nyingine. Neno mazuku, linalotumiwa sasa hata na wanasayansi wa nchi za mbali, ni la hapa. Ni gesi ya kaboniki inayotoka ardhini katika eneo la volkano, nzito kuliko hewa, ikajikusanya mahali pa chini, hasa usiku na alfajiri upepo ukiwa umetulia. Haionekani, na pua haiipati. Mtu mzima anaweza kupita amesimama wima, na mbuzi au mtoto akazimia karibu na miguu yake. Hakuna manukato, makala wala ndimu inayoondoa mazuku. Anayeishi mahali palipojulikana kuwa na gesi hiyo hulala juu, huwazuia watoto wasishuke mabondeni alfajiri, na hufuata maonyo ya wanaochunguza volkano.

Kidogo kidogo, nyumba hubadilika

Kwa familia inayotaka kuanza, wiki moja inatosha. Siku ya kwanza ni ya kutafuta: pipa, tambara, viatu, godoro, choo. Siku ya pili makala hupondwa na kuanikwa, na kopo la majivu huwekwa chooni. Siku ya tatu bikarbonati huingia katika kopo la tomati. Siku zinazobaki, maganda ya ndimu yanayotoka mezani hujaza chupa ya chumvi bila haraka. Katika orodha hiyo yote, cha kununua ni bikarbonati, chumvi na pengine siki, vitu ambavyo jikoni lingevihitaji hata hivyo.

Watoto wanaweza kupewa kazi ya mifuko ya makala, kuitoa juani kila baada ya wiki mbili au tatu na kuirudisha kabatini. Kazi ya javeli ibaki kwa mtu mzima mmoja, anayejua chupa ipi ni ipi. Na wiki ikiisha, jirani yule yule aliyesema ukweli mwanzoni aitwe tena, asimame mlangoni, na aulizwe anasikia nini.